Ramani ya Kioo cha Kompyuta

Mzee alikuwa amepiga magoti juu ya kiti, rula mkononi, akipima kioo cha kompyuta.

"Kapu la taka, kushoto chini," alijisemea kwa kunong'ona. "Sentimita mbili na nusu kutoka ukingoni."

Alikuwa amepima ardhi za watu miaka thelathini na minne kabla ya kustaafu, na hakuwahi kuchora ramani kwa hofu kama hii. Karatasi yake ya miraba ilikuwa imejaa. Vijipicha vyote kumi na saba vilikuwamo, kila kimoja na vipimo vyake, na nyuma yake picha ya wajukuu wawili vibogoyo wakicheka.

"Baba watoto, unafanya nini huko?" mkewe aliuliza kutoka chumba cha kushonea. Cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Nafuta vumbi!"

"Mh!" Cherehani ikaendelea.

Habari mbaya Mzee aliipata kwa kinyozi. Kampuni iliyotengeneza mfumo wa kompyuta za zamani kama yake ilikuwa inaacha kuutunza mwisho wa mwezi. Baada ya hapo, tundu lolote litakalotokea litabaki wazi, na wezi wa mtandaoni watajipitia wapendavyo. Kompyuta ya kinyozi ilitoa onyo kila asubuhi. Ya Mzee haikuwahi kutoa onyo hata moja, naye aliona hiyo ndiyo dalili mbaya kuliko zote, kama mgonjwa aliyeishiwa hata nguvu za kulalamika.

Na humo ndimo mkewe alimoweka mitindo yake yote na vipimo vya wateja. Vikipotea, kazi ya miaka yote imekwenda na maji. Mtoto wao wa kwanza alijitolea kuwanunulia mashine mpya, mama akamkatalia palepale.

"Hii yetu haina tatizo. Iacheni."

Kila Mzee alipogusia maneno ya kinyozi, mkewe aliyahamisha mazungumzo kwenye mboga. Mzee alimwelewa, maskini. Mwanamke yule hakupenda mabadiliko. Mpaka leo alikuwa na mkasi uleule wa mwaka waliooana. Kumwambia ukweli kungekuwa kumpandisha presha bure.

Kwa hiyo alikwenda kimyakimya kwa fundi wa kompyuta, dada mchangamfu mwenye kibanda jirani na duka la viatu. Fundi alimwonyesha njia nne. Angeweza kuilipa kampuni iendelee kumtunzia mfumo mwaka mmoja zaidi, au anunue mashine iliyokwisha kutumika ofisini, ambayo bei yake si ya kuua mtu. Angeweza pia kuichomoa yake kwenye intaneti, abaki kuiandikia tu. Au awekewe mfumo wa bure.

"Huo wa bure unafaa kweli?" Mzee aliuliza.

"Sana. Mashine kongwe ndizo hasa zinazoupenda. Nimewawekea wengi, na wengine hata hawajui tofauti."

"Basi huohuo. Ila mke wangu asijue."

Fundi alicheka. "Usijali, mzee. Wateja wangu nusu ni wa namna hiyo."

Jumamosi mkewe alitoka kumpelekea bibi arusi gauni la kujaribu, akasema atarudi saa sita. Mlango haujapoa, Mzee alikuwa barabarani kumlaki fundi. Walipofika getini, dada yule alisimama akalitazama geti, akamtazama Mzee.

"Kumbe ni hapa?"

"Unapajua?"

"Niliwahi kushonewa gauni hapa," fundi alijibu, akainama kuvua viatu.

Mzee alitandaza ramani mezani kwa mikono miwili. "Kila kitu kirudi palepale. Kikisogea hata kidogo ataona, halafu mimi nimekwisha."

Alibonyeza kitufe. Kabla hajavuta kiti vizuri, wajukuu walikuwa tayari kiooni wakicheka.

"Unaona ilivyo chapuchapu?" alijigamba. "Zamani ilikuwa unaiwasha unakwenda kuoga. Lakini mwaka juzi, niliporudi kutoka kwenye arusi ya mdogo wangu, niliipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Tangu siku hiyo, mambo ni haya."

"Kwa pampu ya baiskeli," fundi alirudia, akiuma midomo. Alibonyeza hapa, akabonyeza pale, akaitazama ramani, kisha akasukuma kiti nyuma. "Mzee, hapa mimi sina cha kufanya."

Mzee aliinamia kioo. "Nimechelewa? Mitindo ya mama watoto imekwenda?"

Fundi alitoa bisibisi mfukoni, akafungua ubavu wa mashine, akaingiza vidole na kubandua karatasi ya kaki iliyokuwa imekunjwa mara nne, ile wanayokatia mafundi nguo.

"Hii niliibandika mwenyewe," alisema.

Mzee aliikunjua. Kilikuwa kioo cha kompyuta, kimechorwa kwa penseli, vijipicha kumi na saba, kila kimoja na vipimo vyake vilivyochukuliwa kwa futi ya kushonea. Aliilaza kando ya ramani yake. Hazikupishana hata milimita. Chini kabisa palikuwa na maneno machache, kwa mwandiko alioufahamu kuliko wake mwenyewe:

"Fundi, ukishaweka huo mfumo wa bure, kila kitu kirudi palepale kilipokuwa. Mume wangu anatoka arusini Jumapili, na asijue kabisa. Hapendi mabadiliko, maskini, na mimi sitaki apandwe na presha bure."