Mkwe Kiti cha Nyuma

“Basi-nyumba lina vitanda sita, Tusekile! Tubadilishe gari letu leo leo.”

“Na mlango mmoja,” Tusekile alimjibu mumewe, Ambokile. “Nitapishana wapi na baba yako?”

Tangu nyumba za kudumu zipigwe marufuku, kila familia ilihama mwezi ulipoandama. Wao walikuwa na gari la vitanda viwili, likivuta tela lenye mlango wake. Mzee Mwaisumo aliishi humo telani na kusafiri humo, maana kwao Unyakyusa mke wa mwana hamtazami mkwewe usoni, sembuse kulala naye chumba kimoja. Lakini kuanzia leo hakuna ruhusa ya mtu kusafiri ndani ya tela. Mzee asiye na kiti garini angepelekwa kambi ya wazee.

“Basi aende kambini, roho yako itulie!” Ambokile alifoka.

“Kambini haendi mtu.”

King'ora cha kuhama kikalia. Tusekile akashuka, akagonga tela huku ameinamisha kichwa.

“Baba, njoo ukae garini, nyuma yangu.”

Mzee akatoka, kofia ameishusha hadi puani, akaingia kiti cha nyuma. Tusekile akashika usukani, akakigeuza kioo cha ndani kikatazama dari, akaondoa gari bila kuona kilichokuwa nyuma yake.