Asicheze Miezi Mitatu

Kocha alikichana cheti vipande vinne mbele ya daktari, akavitia mfukoni.

"Mafua tu hayo, dada yangu. Fainali kesho, unataka nimchezeshe nani? Wewe?"

Mshambuliaji wake alikuwa bado amekaa kitandani, kifua wazi, kainamisha kichwa.

"Mafua yameshuka moyoni," daktari alisema. "Misuli ya moyo imevimba. Akikimbia anaweza kuanguka asiinuke. Apumzike miezi mitatu, kisha tumpime tena."

"Akitoka jasho atapona."

Maneno yaleyale. Miaka sita nyuma kocha huyuhuyu alimwambia hivyo mdogo wa daktari, beki aliyekuwa na homa isiyoisha. Dakika ya sabini akaanguka, na ndiyo ikawa safari. Mazikoni kocha alilia kuwashinda wafiwa, akatoka bila hata onyo, maana hapakuwa na karatasi ya kumbana. Daktari alimchukia tangu siku hiyo, wala hakuona haya.

Siku hizi sheria ipo: ukimchezesha mtu aliyezuiwa na daktari, unafungiwa maisha. Kocha alidhani cheti kikichanwa kimekwisha. Nakala yenye muhuri ilikuwa ndani ya mkoba wa daktari.

Daktari hakumbishia. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake alikaa jukwaani nyuma ya kamishna wa mechi, bahasha mapajani. Mshambuliaji alianza. Alikimbia kipindi cha kwanza chote. Aliwahi kulala chumba kimoja na marehemu, wakila sahani moja, na daktari alilijua hilo. Bado bahasha haikufunguliwa.

Dakika ya sabini mshambuliaji alisimama ghafla, akashika kifua, akainama.

Mwamuzi akapuliza filimbi. Ndipo daktari alipomgusa kamishna bega, akampa bahasha.

Machela ilimtoa mshambuliaji. Kocha akatolewa na askari wawili, huku anaapa kwamba hakuambiwa kitu, na vile vipande vinne vikitolewa mfukoni mwake mbele ya watu wote. Daktari alitazama mpaka mwisho. Roho yake ilitulia kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita.

Kisha akaingia chumba cha matibabu, akafunga mlango kwa ufunguo.

Mshambuliaji aliruka kutoka kwenye machela, akanyoosha miguu.

"Vipi, dada," aliuliza, "nimeinama vizuri?"