Nepi za Tunu

Siku hizi pampasi husoma mkojo wa mtoto na kupeleka majibu Idara ya Watoto. Pampasi ya mtoto wa Siwema ilisoma ugonjwa wa figo, na kabla ya adhuhuri gari la Idara lilikuja kumchukua kwa matibabu. Huu ni mwaka wa pili, Siwema hajamwona tena.

Kwa hiyo Tunu, mdogo wake, mimba ikiwa ya miezi minane, alikata shuka la pamba akashona nepi za kitambaa. Alitaka kuona mapema kama zitastahimili kufuliwa. Alizifua, akazianika juu ya viti vya sebuleni, madirisha yamefungwa.

"Wakiuliza je?" mumewe, Shomari, alinong'ona.

"Tutasema pampasi zinamchubua mtoto."

"Na mtoto akiumwa kweli, tutajuaje?"

Hofu hiyo ilimkaa Tunu kifuani zaidi kuliko ile ya gari.

Mara hodi ikapigwa. Alikuwa Bi Mwantumu, mkunga wa mtaa, na bunda la pampasi za bure za Idara. Kabla hawajamzuia, akaingia, akaziona nepi.

"Shikamoo, Bi Mwantumu," Tunu alisema.

"Marahaba, mwanangu." Akaokota nepi moja, akaupapasa mshono. "Huu utamkwaruza mapajani. Upindie nje. Na uzichemshe vizuri."

Akaliacha bunda mezani, akaaga.

"Yuko upande wetu?" Shomari aliuliza.

Tunu alisogeza pazia kidogo. Bi Mwantumu alikuwa bado amesimama getini, simu sikioni, akiitazama nyumba yao.