Kutua Bila Sauti

"Rudia," Kipkemoi alisema. "Hujapumua kabla ya kuruka."

Alilala chali katika wodi ya wanaume, hospitalini Nakuru, simu ikiwa kifuani na spika imewashwa. Wagonjwa wenzake walikwisha kuzoea. Kila asubuhi baada ya chai, mwalimu huyu wa taekwondo alimfunza bintiye Jeruto kwa simu.

Pumzi ndefu. Kisha pa! kama teke likigonga gunia. Kisha kimya.

"Eeh! Hapo umetua kama paka. Vidole kwanza, magoti yakunjike. Hiyo ni ya ngapi?"

"Ya nane, baba."

"Kumi zinatosha. Kuruka si kulima, hakuna zawadi ya kuchoka. Na kesho upumzike. Magoti ni mawili tu."



Hata kule nyumbani Olenguruone, Kipkemoi alifundisha hivyo hivyo. Aliwapa wanafunzi mgongo, akasikiliza. Aliyetua kwa kishindo alirudishwa nyuma ya mstari. Asiyesikika, alipenda kusema, atazeeka na magoti yake.

Kisha pikipiki yake ikateleza kwenye matope, Jeruto akiwa amekaa nyuma. Daktari hakumficha: uti wa mgongo umevunjika, hutatembea tena. Kipkemoi alilia siku mbili. Siku ya tatu akauliza habari za binti. Mkewe alitazama dirishani, akasema mtoto aliangukia nyasi, amechubuka tu.

Tangu hapo hakulia tena. Jumamosi iliyokuwa ikija kulikuwa na mchujo wa timu ya kaunti, na teke la kuruka la Jeruto lilikuwa limebakisha vidole viwili kufikia kimo alichokitaka. Hakuwa na kitu kingine cha kungojea duniani.

"Mwalimu, huyu msichana atakuja lini tumwone?" Dalmas wa kitanda cha pili alitania. "Ama ni wa redio?"

"Nilimkataza mimi. Akija hapa, siku nzima inaishia barabarani. Akuje na medali."

"Haya basi. Akuje na mandazi pia, medali hatutakula."

Wodi ikacheka. Kipkemoi akainua mkono, wakanyamaza.

"Tisa," sauti ya Jeruto ilisema. Pa! Kimya. "Kumi." Pa! Kimya.

Kimya safi, ambacho hajawahi kukipata kwa mwanafunzi yeyote. Alifumba macho. Chini ya blanketi alijaribu kusogeza vidole vya miguu, kama alivyojaribu jana na juzi. Havikumsikia.

"Jeruto, mama. Jumamosi usifikirie habari zangu. Ukiruka wewe, nimeruka na mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, baba. Nimechoka kidogo."

"Ni vizuri. Nenda ukunywe maziwa."

Ghorofa moja chini yake, katika wodi ya wanawake, nesi Naliaka aliichukua simu taratibu kutoka mkononi mwa Jeruto, akauondoa mto ambao binti alikuwa akiupiga kwa kiganja, kisha akaanza kumbadilishia bendeji pale mguu wa kulia ulipokatwa, juu kidogo ya goti.