Msikilizaji wa Meza ya Mbele

Meza ya kwanza kuondoka ilikuwa ile ya karibu na mlango, na Fundi Bomba alikuwa bado yumo kwenye ubeti wa pili.

Aliwaona vizuri kutoka jukwaani. Waliacha bia zao nusu, wakasimama kwa pamoja, wakavinyanyua viti badala ya kuviburuta, wakatoka. Alijisemea moyoni kwamba labda wana safari. Akafumba macho, akaendelea.

Kila Alhamisi jioni baa ile ya mtaani ilimwachia jukwaa yeyote mwenye wimbo. Fundi Bomba, ambaye mchana kutwa alikuwa chini ya masinki ya watu akifunga mabomba yanayovuja, alikuwa amekuja mara nyingi bila kuthubutu kupanda. Wimbo alikuwa nao mmoja tu, wa marehemu mama yake, aliyekuwa akilala bila kutia komeo kwa sababu mwanawe hakuwa na saa maalumu ya kurudi. Shemeji yake alimtania kwamba wimbo wenyewe ni mrefu mno, mtu anaweza kuuanza kijana akaumaliza ana mvi. Dada yake, aliyekuja naye jioni ile pamoja na mumewe, ndiye aliyemsukuma: apande leo, au gitaa lile atalifanya kapu la vitunguu.

Basi akapanda. Mpiga kinanda wa baa akamfuata sauti bila taabu. Na pale meza ya mbele, iliyokaribia kugusa jukwaa, mwanamume mwenye sweta ya kijivu, aliyekaa peke yake akiupa ukumbi mgongo, akainamisha kichwa na kusikiliza kama mtu anayeletewa habari za nyumbani. Mkono wake mmoja ulilala juu ya meza, mwingine chini. Mhudumu alipomletea soda aliinama kumsikiliza neno, akakaa hapo muda mrefu kidogo, kisha akarudi kaunta akitembea kama aliyebeba trei iliyojaa, ingawa mikono yake ilikuwa mitupu.

Muda si muda ndipo ile meza ya mlangoni ikaondoka.

Ikafuata ya jirani yake. Kisha wale vijana wa pembeni, ambao kwa kawaida hawatoki mpaka wafukuzwe. Hakuna aliyezomea. Hakuna aliyecheka. Fundi Bomba alitamani wangezomea; kuzomewa angalau ni kujibiwa. Hawa walikuwa wakimtoroka kwa adabu, kama watu wanaotoka chumba cha mgonjwa.

Mhudumu akaja jukwaani, akajifanya anakaza kistendi cha maikrofoni kilichokuwa kimekazwa tayari.

"Usimalize," akamwambia kwa sauti ya chini. Midomo ilikuwa ikitabasamu, macho hayakutabasamu. "Ongeza beti. Zozote zile."

Maneno yale yalimpa moyo. Kumbe yupo anayeupenda wimbo. Akarudia ubeti wa mlango usiotiwa komeo, na alipofika pale mama anapoita jina la mwanawe gizani, aliona mabega ya yule mtu wa sweta ya kijivu yakitikisika. Mtu mzima alikuwa akilia, macho kayafumba.

Kisha kinanda kikaanza kufifia. Noti moja ikakosekana, ikafuata nyingine, mpaka gitaa likabaki peke yake. Fundi Bomba alipogeuza shingo, stuli ilikuwa tupu na pazia la nyuma lilikuwa likicheza.

Aibu ikampanda mpaka masikioni. Jasho likamtiririka mgongoni, vidole vikaanza kuteleza kwenye nyuzi. Alimtafuta dada yake kwa macho. Alikuwa amekwisha kusimama. Shemeji alimshika kiwiko, akimvuta, naye alikuwa akikataa kwa mwili mzima bila kutoa sauti. Alimtazama kaka yake kama alivyomtazama mama yao siku ile ya kumzika, kabla kifuniko hakijafungwa. Halafu akakubali kuvutwa. Mlango ukarudishwa taratibu, kwa mkono, usije ukabamiza.

Basi ni kweli, akawaza. Hata damu yangu imeshindwa kunivumilia.

Kaunta ilikuwa tupu. Mhudumu naye hakuwepo. Feni ya dari ilizunguka juu ya viti vitupu na glasi zilizoachwa na povu, na mbele yake alibaki yule mmoja tu, ambaye machozi yalikuwa yakimdondokea kwenye sweta. Fundi Bomba alitunga beti papo hapo, za mvua, za bati, za mama akihesabu nyayo barabarani. Sauti ikaanza kukwaruza. Alijua angeweza kuzungushazungusha maneno mpaka asubuhi, lakini kumlisha mtu kama huyu makapi aliona ni dhambi. Msikilizaji mmoja wa kweli anastahili mwisho wa kweli.

Akauimba ubeti wa mwisho polepole, jinsi alivyoutunga. Akapiga noti ya kufungia, akaiacha ilie mpaka ikaisha yenyewe.

Akaweka gitaa chini, akashuka jukwaani, akamnyoshea mkono.

"Asante, ndugu yangu," akasema. "Wewe peke yako ndiye uliyebaki."

Yule mtu akafumbua macho. Akageuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza jioni ile, akautazama ukumbi wote, meza kwa meza, mpaka mlangoni.

"Nilimwambia yule mhudumu asitoke mtu mpaka wimbo uishe," akasema, na mkono uliokuwa chini ya meza ukapanda juu na bastola.