Mgongo wa Mwalimu Kinyonga

Hapo zamani, na zamani yenyewe ni juzi tu, Kifaranga alipaliwa na punje ya makande shuleni. Nguchiro, mwanafunzi mwenzake, akampiga mgongoni mara tatu mpaka punje ikaruka. Kisha akampa maji yake yote.

Kasuku alirekodi yale mapigo matatu tu, akayatupa mtandaoni. Kufikia jioni, wanyama elfu mbili walikuwa wameandika, "Nguchiro afukuzwe!"

Mama Kuku, mpishi wa shule, alikimbilia kwa Mwalimu Mkuu Kinyonga.

"Mwalimu, Nguchiro kamwokoa mwanangu!"

"Najua, Mama," akasema Kinyonga, akibadilika rangi kila simu ilipolia. "Lakini umesoma maoni ya watu?"

"Nimesoma uso wa mwanangu!"

Nguchiro akafukuzwa, tena mbele ya shule nzima.

Kesho yake, mbele ya jiko la shule, Kinyonga alipaliwa na panzi. Akatumbua macho, akawageuzia wanafunzi mgongo. Wote wakarudi nyuma.

"Samahani, Mwalimu. Anayepiga mgongo anafukuzwa."

Kasuku akainua simu. Nguchiro, aliyekuwa nje akisubiri kuazimwa daftari na Kifaranga, akaruka ua, akampiga Kinyonga mara tatu. Panzi akatoka.

Kinyonga alipovuta pumzi, alimgeukia Kasuku kwanza. "Wanasemaje huko?"

Mama Kuku akaipokonya ile simu, akaitumbukiza kwenye sufuria ya makande.

"Nguchiro, baba, ingia darasani. Na wewe, rangi saba, usiwaulize wao. Uliza mgongo wako!"