Mtungi wa Dang'a

Mtungi ulimpita Mheshimiwa Jagmender puani, ukaenda kwa mwingine.

Bibi Phulwati, aliyeubeba, hata hakumtazama. Nyati wake wa maziwa alikuwa amezaa alfajiri, na pale kijijini dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza, hayanywewi nyumbani kabla hayajaonjwa na mwanamieleka anayependwa kuliko wote. Ndiyo desturi. Akautua mtungi mbele ya Ramphal, aliyekuwa amekaa ukingoni mwa shimo la mieleka, miguu imejaa udongo.

"Kunywa, mwanangu. Maziwa yako haya."

Kwenye kiti cha mgeni wa heshima, Jagmender alitabasamu kama mtu aliyeng'atwa na siafu mbele ya wakwe.

Zamani mitungi hiyo ilikuwa yake. Aliporudi na medali ya shaba kutoka mashindano ya Asia, walimbeba mabegani kutoka barabara kuu hadi hekaluni, na kwa muda mrefu mkewe hakujua bei ya samli. Chaudhari Risal, aliyekuwa mwakilishi wao katika bunge la jimbo lao la Haryana, alimvisha kilemba, akamkumbatia mbele ya umati, akamnong'oneza: "Watu wanakupenda wewe." Kisha akamwachia ubunge hivi hivi, kama mtu anavyompisha mwenzake kwenye benchi. Jagmender alilia siku ile. Hakuwa ameona moyo mkubwa kama ule.

Basi akawa mbunge, akachaguliwa na mara ya pili. Ukubwa ni jalala, na yeye walimmwagia kila kitu. Huyu anataka mwanawe ahamishwe kituo cha polisi, yule anataka maji ya mfereji yafike shambani kwake kabla ya kwa jirani. Aliyepata hakurudi kusema ahsante, aliyekosa alimtukana mpaka kwa kinyozi. Na kila akiitaja medali mkutanoni, hakosi mtu wa nyuma wa kumwambia, "Medali haiwashi taa, Mheshimiwa."

Na huyo Ramphal ana nini? Hakushinda kitu nje ya Haryana. Goti lilimwisha mapema, akabaki kufundisha vijana mieleka. Enzi zao Jagmender alimbwaga atakavyo. Leo mtu huyo huyo, asiye na gari wala kiatu kizima, akipita sokoni watu wanasimama. Jagmender alimwonea wivu. Angalau Ramphal angekuwa na roho mbaya, ingekuwa nafuu. Lakini wapi. Wiki hiyo tu alikuwa amemshika mkono akamwambia, "Umekonda, ndugu yangu. Njoo nyumbani ule."

Asubuhi, wakiwa njiani, dereva wake Sube alikuwa amempa wazo.

"Mheshimiwa, ule uwanja wao wa mieleka ni ardhi ya serikali. Tingatinga moja tu, na Ramphal kwaheri."

"Halafu alie mbele yao? Watampenda mara mbili." Jagmender alitazama nje ya dirisha. "Mtu kama yule humvunji kwa kumnyang'anya, Sube."

"Sasa unamvunja kwa nini?"

Walikuwa wanatoka Chandigarh, kwa wakubwa wa chama, na alichokwenda kuomba Jagmender alikuwa amekipata. Mitungi ya Ramphal ilikuwa imefika mwisho, na mwenyewe hajui.

Pambano la mwisho lilipokwisha, Jagmender aliitwa aseme neno. Umati uliguna. Wengine walianza kutafuta viatu vyao. Hata mzee Risal, ambaye tangu aache siasa amenenepa na kung'aa, alibaki amejilaza kwenye kitanda chake cha kamba, akivuta hukka.

"Mimi sigombei tena," Jagmender alisema.

Waliokuwa wanaondoka walisimama.

"Lakini siwaachi yatima. Tiketi ya chama nimewaombea mtu mnayempenda wenyewe. Ramphal, njoo."

Ramphal alitikisa kichwa. "Ndugu yangu, mimi najua udongo tu. Niache na udongo wangu."

Nani wa kumsikiliza? Walikuwa wamekwisha kumnyanyua. Walimpitisha mabegani uwanja mzima, ngoma zinalia, wakamtua mbele ya Jagmender. Jagmender akavua kilemba chake mwenyewe, akamvisha, akamkumbatia.

"Watu wanakupenda wewe," alimnong'oneza.

Ramphal alimlilia begani. Alisema hajapata kuona moyo kama huo.

Wa kwanza kumfikia Ramphal baada ya hapo alikuwa Bibi Phulwati. Alijipenyeza katikati ya wanaume, akamshika mkono.

"Mheshimiwa," alisema, na wala hakusema mwanangu, "maziwa yangu umekunywa. Sasa mkwe wangu anataka uhamisho kwenda Rohtak. Usije ukajifanya umesahau."

Nyuma yake watu walikuwa wameanza kusukumana, kila mmoja na shida yake. Ramphal aliwaangalia huyu na yule, kilemba kimemwendea upande.

Jagmender aliona raha ikimshuka mpaka tumboni. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, hakuna aliyemhitaji. Akageuka, akatafuta pa kukaa.

Mzee Risal alikuwa amekwisha kujisogeza kwenye kitanda cha kamba na kumwachia nafasi. Akampa mrija wa hukka.

"Kaa, mwanangu. Nilikuwa najiuliza utafika lini," mzee alisema, macho yake yakiwa bado kwa Ramphal. "Mimi siku ile walipokubeba na medali yako, sikupata usingizi mpaka nilipokwenda Chandigarh kukuombea tiketi."